Komando Ale Kidogo Kidogo

Ukifika Kidahwe ukitafuta nyumba ya Gervasi, huna haja ya kuuliza. Fuata harufu ya chikichi zinazochemka. Pipa lake liko nyuma ya nyumba, juu ya mafiga makubwa, na msimu wa chikichi moto hauzimwi.

Gervasi anakamua mawese. Baba yake alikamua mawese, na babu yake vilevile. Basi kwake mawese si ya mboga tu. Mtoto akikohoa, mawese. Mtu akiungua, mawese. Mtu akila kitu kibaya, anyweshwe mawese yatoe sumu.

Mkewe Honorata humtania sana.

"Siku nikifa usiharakishe kunizika, Baba Ella," humwambia. "Jaribu kwanza mawese."

Watoto wao wakubwa wana miji yao. Aliyebaki nyumbani ni Ella, msichana wa darasa la saba. Na yuko Komando, mbwa wao, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio moja lililochanika.

Sikio hilo lilichanwa na nyani. Shamba lao la mahindi liko juu mlimani, limepakana na pori, na porini kuna nyani. Nyani si mgeni mwenye adabu. Hali hindi moja akashiba. Anavunja, anaonja, anatupa, anavunja jingine. Lakini Komando akiwepo shambani, nyani hukaa mbali juu ya mawe na kupiga kelele tu.

Pamoja na kazi hiyo yote, Komando alikuwa anakula mara moja kwa siku. Alikula usiku, watu wakishamaliza. Alitupiwa ukoko wa ugali, miiba ya samaki na chochote kilichobaki. Gervasi alisema mbwa akishiba mchana analala, halindi. Ndivyo alivyoambiwa na wazee, na hakuwahi kujaribu vinginevyo.

Mwisho wa Januari mahindi yalianza kufaa kuchemshwa. Jioni moja walikaa jikoni wakala mahindi ya moto, wameyapaka chumvi na mawese kidogo. Magunzi wakayatupa mlangoni. Komando alikuwa hajala tangu jana yake. Gunzi lilinukia mafuta. Hakulitafuna. Alilimeza.

Kesho yake alitapika, na hakutaka kula. Keshokutwa yake tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, na akiguswa analia. Choo hakipati. Honorata akasema mbwa huyu hatakufa akiwa anatazamwa. Akamlaza kwenye tenga, akalifunga tenga juu ya pikipiki ya kukodi, akaenda naye mjini, mpaka Katubuka, kwa daktari wa mifugo. Gervasi alibaki kulinda mahindi.

Daktari huyo ni mwanamke, anaitwa Diana. Alimbonyeza Komando tumboni, taratibu, akasema kuna kitu kimekwama. Akamchoma sindano ya nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi asisikie maumivu. Akampasua tumbo. Akafungua utumbo, akatoa kilichokuwemo, akashona. Kisha akamwonyesha Honorata kilichotoka. Kilikuwa kipande cha gunzi, si kirefu kuliko kidole gumba.

"Kitu kidogo hivi?" Honorata aliuliza.

"Kidogo hivyo. Kiliziba njia. Chakula hakipiti, maji hayapiti. Ungengoja zaidi, utumbo ungeoza."

Komando alibaki kliniki siku mbili. Honorata alipokwenda kumchukua, Diana alimweleza namna ya kumlisha. Chakula kiwe laini. Kiwe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kisiwe na mafuta, wala mifupa, wala viungo. Akampa vidonge, akampa na namba ya simu. Honorata alisikiliza, akarudia maneno yote mbele ya daktari ili asisahau.

Nyumbani alikuta Ella hakwenda shule. Yuko shambani, na debe na fimbo, anafukuza nyani.

"Mpaka mbwa apone," alisema Gervasi. "Nifanyeje? Chikichi zimeshakatwa. Nisipozipika zinaharibika. Wewe ulikuwa mjini. Nani alinde?"

Lakini Ella alikuwa darasa la saba, na mitihani ya majaribio ilikuwa karibu. Kule juu shambani alisikia kengele ya shule ikigongwa asubuhi, akaisikia tena mchana. Mwalimu wake alituma neno kwamba mtoto asipofanya majaribio, ataingia mtihani wa mwisho gizani. Gervasi alilisikia neno hilo, likamkaa moyoni. Si baba mbaya. Alitaka Ella arudi shule. Na njia aliyoiona ilikuwa moja tu, Komando asimame upesi.

Siku ya gulio ikafika. Honorata alipika wali laini, umelowa kama uji mzito. Akachemsha samaki, akatoa miiba, akachanganya. Akamwambia mumewe ampe Komando wali wa ukubwa wa ngumi moja asubuhi, ngumi moja baadaye, na nyingine baadaye tena. Asiongeze kitu. Kisha akajitwika dumu la mawese ya kuuza, akaenda sokoni.

Gervasi alichukua bakuli, akamwekea Komando. Wali ulikuwa umepoa, umeshikamana. Komando alinusa, akageuza uso. Gervasi akamsogezea. Komando akafumba macho.

"Hata mimi nisingekula," Gervasi alimwambia.

Akachuchumaa pale akimtazama. Mbavu zinaonekana. Mgongo umeinama. Akawaza kuwa ile nusukaputi ni sumu, na sumu bado imo mwilini, ndiyo maana mbwa hali. Na dawa ya sumu anaijua, iko kwenye dumu lililobaki, hatua chache kutoka hapo. Mawese yatatoa sumu. Mawese yatatia nguvu. Wiki ijayo mbwa yuko shambani na Ella yuko darasani.

Akateka upawa mzima wa mawese. Akayamimina juu ya wali wote uliokuwa kwenye sufuria, akamsogezea sufuria yenyewe. Harufu ilipomfikia Komando, aliinua kichwa. Akala. Akala wote, akalamba mpaka sufuria ikang'aa. Gervasi alicheka peke yake, akarudi kwenye pipa.

Honorata aliporudi alasiri alimkuta Komando amelala ubavu, anatetemeka. Amejiharishia. Na mbele yake, juu ya gunia, kuna matapishi mekundu.

Alifikiri ni damu. Akatoa simu, akampigia Diana, akamwambia mbwa anatapika damu. Aliweka simu kwenye spika ili amshike Komando kwa mikono yote miwili. Gervasi alikuja kutoka kwenye pipa, akasimama nyuma yake.

Diana akasema kama ni damu, huenda uzi wa ndani umeachia. Itabidi amlaze tena na kumpasua tena, leo hii. Akasema kwa jinsi Komando alivyokuwa dhaifu, hajui kama atahimili mara ya pili.

"Lakini niambie kwanza," alisema. "Leo amekula nini?"

"Wali na samaki, daktari, kama ulivyosema."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Gervasi alisikia yote hayo. Angesema nini, yeye mwenye nyumba, mbele ya mkewe na mbele ya daktari? Akamtazama Komando. Akaona kisu kikipita tena palepale. Akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Daktari, hapa ni Baba Ella," alisema. "Si damu. Ni mawese. Nimempa mimi."

Honorata aligeuka akamtazama. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Diana akauliza mawese kiasi gani. Akajibiwa. Akawaambia wafunue mdomo wa Komando, watazame ufizi. Ufizi ulikuwa wa waridi, si mweupe. Akawaambia waguse tumbo kwa kiganja. Lilikuwa laini. Diana akashusha pumzi, hata wao walimsikia. Akasema wasimpe chochote, anakuja. Jua lilikuwa bado juu.

Kabla hajafika alifika Mzee Nduwayo. Huyu ni jirani, shamba lake limepakana na la Gervasi. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mdogo, akakulia hapahapa, akaoa hapahapa. Yeye na Gervasi hawawezi kukutana bila kutaniana.

"Mwakeye," alisema, ingawa ilikuwa alasiri, na hiyo kwa Kiha ni salamu ya asubuhi. "Simu yenu nimeisikia mpaka njiani. Kumbe leo umepika mboga ya mbwa mwenyewe."

"Mzee Nduwayo, leo niache."

"Nikuache? Nimekuja kukuzuia usimpake mawese na mgongoni."

Ella aliingia wakati huo kutoka shambani, miguu imejaa matope. Akamwamkia Mzee Nduwayo shikamoo, akapiga magoti kando ya Komando, akamshika kichwa.

Diana alipofika alipima joto, akabonya tumbo taratibu, akasikiliza kwa kipimo chake. Akatazama mshono wa nje. Alichukua muda. Mwishoni akasema uzi umeshika. Tumbo limechafuka tu kwa mafuta. Angetapika zaidi, kule kujikamua kungeweza kuukata.

Gervasi akauliza lililokuwa moyoni mwake. "Lakini daktari, si mawese yanatoa sumu? Na ile nusukaputi?"

Diana hakumcheka. Alivuta kigoda, akakaa.

"Nusukaputi inatoka yenyewe, Baba Ella. Inatoka kwa pumzi na kwa mkojo. Alipoamka pale kwangu, nyingi ilikuwa imeshatoka. Haingoji mawese."

"Na sumu nyingine?"

"Hata mtu akila sumu, usimpe mawese. Ziko sumu ambazo mafuta yanazisaidia kuingia mwilini haraka. Tena anaweza kupaliwa. Mtu mkimbize hospitali, mnyama mlete kwangu. Mawese ni chakula kizuri. Dawa ya sumu siyo."

Gervasi alitazama chini. Diana akamuuliza kama ana baiskeli. Anayo, ndiyo hubeba madumu.

"Tyubu ikitoboka, unatia kiraka. Ukishabandika, unajaza upepo palepale mpaka iwe ngumu?"

"Hapana. Naacha gundi ishike."

"Utumbo wake nimeutia kiraka. Ukimpa sufuria nzima, umejaza upepo wote kwa mara moja. Na mafuta ni mazito, tumbo lenye kidonda haliyawezi. Linayarudisha juu au linayaharisha."

"Ego," alisema Mzee Nduwayo, yaani ndiyo kwa Kirundi. Akafungua vifungo vya shati. Kovu lake lilianza chini ya kifua likashuka mpaka kwenye mkanda. "Mimi hapa utumbo ulijikunja. Walinipasua. Nilipozinduka nikaomba ugali na maharage. Muuguzi ananiletea uji mwepesi, tena kwa kijiko. Nikamwambia, binti yangu, mimi mtu wa maharage. Akanijibu, babu, maharage yatakungoja. Kweli yakaningoja. Mpaka leo nayala."

Ella alicheka. Hata Honorata, aliyekuwa hajafungua mdomo, alitabasamu upande.

Basi Diana akawaeleza upya, wote pamoja, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Usiku huu tumbo lipumzike. Apewe maji safi, kidogo kidogo, asinywe bakuli zima kwa pupa. Kesho asubuhi kama hajatapika tena, aanze kula. Wali upikwe uwe laini sana, bila chumvi. Achanganyiwe samaki wa kuchemsha, mgebuka mbichi au mwingine mwenye nyama, na nyama yote ipitishwe vidoleni isibaki mwiba. Hakuna samaki? Yai la kuchemsha, au nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa. Wasitumie dagaa wa chumvi, wala kitunguu, wala pilipili.

"Daktari, mbwa ale mgebuka, sisi tule kisamvu?" aliuliza Honorata.

"Samaki mmoja mdogo anamtosha siku nzima, Mama Ella. Kichwa na mkia mle nyinyi."

"Angalau tumekumbukwa."

"Kila mara apewe ngumi moja," Diana aliendelea. "Si ngumi ya Baba Ella, ya Ella. Asubuhi, kabla ya mchana, baada ya mchana, jioni, na mara moja kabla hamjalala. Siku tatu zikipita salama, muongeze kidogo na mpunguze mara. Kidonge mkifiche ndani ya tonge la samaki. Na msimpe dawa za watu za maumivu. Panadol na diklofena zinamuua mbwa."

"Na akikataa kula kama leo?" aliuliza Gervasi.

"Ulimpa wali wa moto au uliopoa?"

"Uliopoa."

"Mbwa anakula kwa pua. Chakula kilichopoa hakina harufu. Mpashie kiwe vuguvugu. Kisha chukua kidogo kwenye vidole, mpe mkononi. Akikataa siku nzima, nipigie. Akitapika tena, nipigie. Tumbo likiwa gumu, ufizi ukiwa mweupe, kidonda kikitoa maji yenye harufu, nipigie, usingoje kesho."

Mwishoni akasema Komando asirudi shambani kabla ya wiki mbili. Asikimbie, asiruke. Atoke nje kwa kamba tu, ajisaidie, arudi alale.

Hapo ndipo Ella alipouliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, bado kamshika Komando kichwa.

"Wiki mbili. Kwa hiyo na mimi ni wiki mbili?"

Majaribio yalikuwa ndani ya wiki hizo mbili. Gervasi alikuwa amempa mbwa mawese ili asifike kwenye swali hilo, na sasa swali limekaa mbele yake.

"Nilitaka apone upesi," alisema. "Nilitaka urudi shule, mwanangu. Ndiyo maana."

"Najua, baba."

Mzee Nduwayo alikuwa anafunga vifungo vyake. "Nyani wakimaliza kwako wanakuja kwangu," alisema. "Hawaulizi mpaka. Mimi asubuhi nipo shambani kwangu hata hivyo, macho yanafika mpaka kwako. Nitalinda asubuhi mashamba yote mawili. Wewe Gervasi yalinde yote mchana mpaka jioni. Au miguu yako inajua njia ya kwenye pipa tu?"

"Na chikichi nani atapika?"

"Nani?" Honorata alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mumewe tangu simu ile. "Ukienda kupiga soga barabarani, ni nani anayechochea na kukoroga? Pipa nitalisimamia mimi. Komando yuko hapahapa karibu, nitamlisha mimi mchana. Ella atamlisha kabla ya kwenda shule na akirudi. Wewe nenda kwa nyani."

Gervasi alimtazama mkewe, akamtazama mzee. Akasema, "Haya. Nitaenda kwa nyani."

Asubuhi Komando alikuwa hajatapika tena. Ella aliamka mapema, akapasha wali, akachambua samaki. Lakini Komando aligeuza uso kama jana. Ella akakumbuka maneno ya daktari. Akajaribu wali kwa mgongo wa mkono, akaukuta ni vuguvugu. Akachukua kidogo kwenye vidole viwili, akakaa, akangoja. Komando alinusa. Akalamba kidole. Akalamba tena. Ella akamwongezea, hivyohivyo, mpaka ngumi moja ikaisha. Komando akatazama sufuria.

"Imetosha," Ella alimwambia. "Kingine kitakungoja."

Akafunika sufuria, akavaa sare, akaenda shule.

Zile siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Komando alitaka kulamba mshono, basi Gervasi akakata kitako cha ndoo ya plastiki, akamvalisha shingoni. Mzee Nduwayo alipomwona akasema sasa mbwa amekuwa spika ya mnada. Kila jioni Gervasi alirudi kutoka shambani, akanawa, akakaa karibu na moto, akachambua samaki kwa vidole vyake vinene. Alikuwa mwangalifu kuliko wote. Mwiba mmoja akiupata, anauinua kwenye mwanga amwonyeshe mkewe.

"Huu ungebaki," anasema.

"Wewe sema asante kwa macho yako," anasema Honorata.

Siku ya pili ya wali Komando alipata choo, laini lakini kizima. Si kila nyumba hufurahia choo cha mbwa, ila nyumba hiyo ilifurahi. Honorata alimpigia Diana kumwambia. Diana naye akafurahi, kwa sababu choo kizima maana yake njia imefunguka na uzi umeshika.

Kule mlimani nyani walichukua mahindi kadhaa ya pembeni siku mvua iliponyesha sana. Wakajaribu tena, wakamkuta Gervasi na debe. Mzee Nduwayo naye asubuhi hakukosa. Shamba halikubaki zima kabisa, lakini lilibaki.

Kidogo kidogo ngumi moja ikawa ngumi mbili, na mara tano zikawa mara tatu. Wiki moja ilipokwisha, Honorata alianza kuchanganya ugali laini na ule wali, kidogo, halafu nusu kwa nusu. Diana alikuja kukata nyuzi wiki mbili zilipotimia. Kidonda kilikuwa kimefunga, kikavu. Mbavu za Komando hazikuonekana tena kama zamani. Akawaambia sasa ale chakula chake, lakini si cha kutupiwa usiku tu. Ale asubuhi na jioni, kwenye bakuli lake, na maji yawepo wakati wote. Gunzi asipewe kamwe, wala miiba, wala mifupa ya kupikwa.

"Akila asubuhi hatalala shambani?" Gervasi aliuliza.

"Mpe, kisha umtazame."

Alimpa. Kisha wakapanda naye mlimani, taratibu, kwa kamba. Walipofika, dume moja la nyani lilikuwa limekaa juu ya jiwe, halina hofu tena. Gervasi akafungua kamba. Komando hakukimbia mbali. Alisimama mpakani, akapanua miguu, akabweka kwa sauti ambayo Gervasi alikuwa hajaisikia tangu zamani. Sauti ya tumbo lililokula. Nyani akateremka kwenye jiwe, akaingia porini. Siku hiyo yote Komando hakulala.

Na siku hiyo Ella hakuwepo mlimani. Majaribio alikuwa ameshayafanya wiki iliyopita. Hesabu zilimsumbua, hakuficha. Mwalimu alimwonyesha alipokosea, na sasa kila mchana alibaki na wenzake kuzirudia.

Magunzi nyumbani kwa Gervasi sasa hayatupwi mlangoni. Yanaanikwa, yanawashia moto chini ya pipa.

Juzi hapa alikuja kijana mmoja, Meshack, na chupa tupu. Mbwa wake alikuwa amehasiwa siku mbili zilizopita, akawa hataki kula. Alimwambia Gervasi amjazie mawese mazuri, mekundu, amnyweshe mbwa atoe sumu ya sindano.

Gervasi alichukua ile chupa, akaiweka chini kando ya kigoda.

"Ya mboga yako nitakuuzia," alisema. "Ya mbwa, hapana."

"Kwa nini, kaka? Wewe si muuza mawese?"

"Ndiyo, nauza. Kaa hapa. Tumpigie daktari kwanza." Alipapasa mfukoni kutafuta simu, kisha akamgeukia tena. "Hebu niambie, nyumbani kwako mchele upo?"